Baada ya Saa Tisa na Nusu

Saa tisa na nusu alasiri kengele ya kufunga shule ililia. Wanafunzi wa darasa la tatu walitoka mbio, mabegi yakiwaruka mgongoni. Mwalimu wao alibaki nyuma, akifuta ubao.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Sauti. Aliweza kumnyamazisha mtoto aliye upande wa pili wa uwanja bila kutoka dirishani. Lakini pamoja na sauti yote hiyo, kulikuwa na neno moja ambalo halikumtoka mdomoni. Hakujua kusema hapana.

Kwa saa ya ukutani, kazi yake ya siku ilikuwa imekwisha. Kwa kweli ndiyo kwanza nusu ya pili ilikuwa inaanza. Jumatatu alisimamia klabu ya kusoma. Jumanne alifundisha kwaya. Jumatano alikuwa na watoto wa bustani. Alhamisi alisimamia riadha, ingawa yeye mwenyewe akipanda ngazi za ofisi alihema kama amekimbizwa. Ijumaa alisimamia usafi wa madarasa.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Mwaka wake wa kwanza alipewa kwaya, akafurahi, maana alipenda kuimba tangu utotoni. Mwaka uliofuata mwalimu wa bustani alihama. Mwalimu Mkuu akaandika jina la Mwalimu Sauti kwenye ratiba. Kisha mwalimu wa riadha akaenda likizo ya uzazi. Jina likaandikwa tena. Mwenzake alirudi kazini, mtoto wake akaota meno, akatambaa, akasimama dede, na jina la Mwalimu Sauti bado lilikuwa palepale kwenye riadha.

Hakuna aliyemlazimisha. Lakini hakuna pia aliyemuuliza.

Kwa miaka kadhaa alivumilia. Alirudi nyumbani jua likizama, akapika, akasahihisha madaftari, akalala. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe. Fundi alimtania: "Siku hizi nikitaka kukuona itabidi nijiandikishe darasa la tatu."

Miezi mitano iliyopita, utani ulikoma. Mama yake Mwalimu, aliyekuwa akiishi nao, aliamka asubuhi moja akashindwa kushika kikombe. Ulikuwa ni kiharusi. Mungu si mwanadamu, Mama alipona. Lakini mkono wake wa kulia ulibaki umelegea, mguu ukawa mzito, na maneno yakawa yanatoka polepole. Hospitali ilimpeleka kwenye kituo cha mazoezi ya viungo. Alipangiwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi kamili.

Walipanga hivi: Fundi angeacha kazi kwa muda mfupi, ampeleke Mama kituoni, kisha arudi karakana. Mwalimu angetoka shuleni na kumkuta Mama huko. Angejifunza mazoezi kutoka kwa mtaalamu, ili amfanyishe nyumbani kila siku. Kutoka shuleni hadi kituoni ni mwendo wa dakika ishirini. Kwa maneno, mpango ulikuwa mzuri.

Jumatano moja watoto wa bustani walikuwa wakimwagilia mboga. Mpira wa maji ukachomoka kwenye bomba. Watoto wawili wakaloa chapachapa, wa tatu akateleza kwenye tope, akalia. Mwalimu alimwosha, akawapanga wote, akafunga bomba, akasubiri mtoto wa mwisho achukuliwe na mzazi wake. Alipotazama saa, ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo.

Alikimbia. Viatu vyake vilikuwa na tope hadi kwenye kamba.

Alipofika kituoni, mtaalamu wa mazoezi alikuwa anapanga vifaa kabatini. Mama alikuwa peke yake kwenye benchi la korido, mkoba wake mapajani.

"Mama, nisamehe," Mwalimu alisema huku akihema.

"Sina neno, mwanangu," Mama alijibu polepole. "Nimehesabu vigae vya sakafu. Viko mia mbili na kumi na nne. Ijumaa nitahesabu vya ukutani."

Mtaalamu hakucheka. Alikuwa dada mpole, lakini siku hiyo uso wake ulikuwa umekaza.

"Mwalimu, hii ni wiki ya nne hufiki kwa wakati," alisema. "Hapa Mama anafanya mazoezi saa moja tu, mara tatu kwa wiki. Kazi kubwa iko nyumbani. Sasa kama hakuna anayekuja kujifunza, nyumbani anafanya nini? Hebu tazama."

Aliushika mkono wa Mama wa kulia, akajaribu kuvinyoosha vidole. Vilikuwa vimeanza kujikunja. Mama alikunja uso kwa maumivu.

"Mwezi uliopita vilinyooka vyote. Miezi hii ya mwanzo ikipita hivi hivi, kuvirudisha itakuwa kazi ngumu sana. Na kuna wagonjwa wengi wanasubiri nafasi. Ukikosa tena, sitakuwa na la kuwaambia wakubwa wangu. Watampa mwingine."

Walirudi nyumbani taratibu, Mama akiegemea bega lake.

Jioni Fundi aliposikia habari, aliweka chini glavu zake.

"Mwambie Mwalimu Mkuu huwezi tena."

"Nimwambie nini? Kwamba sitaki kazi?"

"Bustani ndiyo kazi yako? Si wewe ni mwalimu wa darasa la tatu?"

"Fundi, wewe hujui mambo ya shule. Ukikataa unaonekana mvivu. Unaandikwa. Kesho na keshokutwa unahamishwa, au unaambiwa nenda nyumbani."

"Nani ameandikwa? Nani amehamishwa?"

Mwalimu alifikiri. Hakuweza kumtaja hata mmoja.

"Msigombane kwa sababu ya mkono wangu," Mama alisema kutoka kwenye kiti chake. "Bado ninao mwingine."

Wote walicheka, lakini Mwalimu alicheka huku machozi yakimlengalenga.

Wakati huohuo hodi ikapigwa. Alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, amekuja kurudisha beseni. Naye alikuwa mwalimu, katika shule ya sekondari, na huko alikuwa mwakilishi wa chama cha walimu. Mtaani walimwita Mama Kanuni, kwa sababu hata mechi ya watoto barabarani aliisimamisha ili asome kanuni. Alimwangalia Mwalimu usoni mara moja tu, akaliweka beseni chini, akavuta kiti.

"Haya, nani amekuliza?"

Mwalimu alimweleza yote. Mama Kanuni alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza swali moja.

"Mkataba wako wa kazi uko wapi?"

"Ndani ya sanduku, chini ya picha za harusi."

"Uliutia sahihi lini?"

"Miaka sita iliyopita."

"Na uliusoma lini?"

Mwalimu aliinamisha macho. Fundi akadakia, "Mimi kibandiko cha kopo la rangi nakisoma mpaka nyuma! Leo mwalimu mzima!"

"Nilikuwa na furaha ya kupata kazi," Mwalimu alijitetea. "Nilionyeshwa mahali pa sahihi, nikatia sahihi."

"Si wewe peke yako," Mama Kanuni alisema. "Wengi wetu tuko hivyo. Ulete."

Mkataba uliletwa. Ulikuwa na kurasa sita, ukinuka dawa ya nondo wa nguo. Waliutandaza mezani chini ya taa. Mwalimu alipitisha kidole chini ya mistari, kama wanafunzi wake wanavyofanya, akasoma kwa sauti.

"Saa za kazi za mwalimu ni kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa."

"Hapo umeona," alisema Mama Kanuni. "Hizo ndizo saa ulizokubaliana na mwajiri. Ndani yake kuna vipindi, kuna kuandaa masomo, kuna kusahihisha. Endelea."

"Mikutano ya walimu, mikutano ya wazazi, na zamu ya usimamizi ya wiki moja kila muhula ni sehemu ya kazi, hata inapopita saa ya kufunga shule."

Mwalimu alisita. "Kumbe mkutano wa walimu wa Ijumaa ya kwanza ya mwezi ni lazima? Mimi nilikuwa nafikiri huo ndio niombe nisihudhurie, niwahi kituoni."

"Huo ni kazi. Huo huna ujanja."

"Ijumaa hiyo nitabaki na Mama mimi," Fundi alisema. "Hata mimi nina mikono ya kujifunza mazoezi. Endelea kusoma."

Mwalimu alifungua ukurasa wa nne.

"Shughuli za ziada baada ya saa za kazi, kama klabu, kwaya na michezo, zitafanywa kwa hiari ya mwalimu, kwa makubaliano ya maandishi yanayotaja siku, muda, na tarehe ya mwisho. Mwalimu hataadhibiwa kwa kutoshiriki."

Akaisoma tena sentensi ile. Kidole chake kilisimama chini ya neno moja.

"Hiari," alisema kwa sauti ndogo. "Neno hili nimelifundisha darasani mwezi uliopita. Niliwaambia watoto, hiari ni kufanya jambo kwa kupenda mwenyewe, bila kulazimishwa."

"Basi sasa mfundishe na mwalimu wao," alisema Mama.

Mwalimu alihisi kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Lakini mara hofu ikamrudia.

"Kwa hiyo kesho niende nimwekee Mwalimu Mkuu mkataba mezani, nimwambie basi?"

"La, la, la," Mama Kanuni alitikisa kichwa. "Usiubebe mkataba kama rungu. Wewe huendi vitani. Kwanza, andika kwenye karatasi kazi zote unazofanya baada ya saa tisa na nusu, na muda wake. Yeye mwenyewe huenda hajui zimefika ngapi. Pili, omba kuonana naye wakati ametulia, si koridoni. Tatu, mweleze shida yako ya nyumbani. Nne, usiwaache watoto ghafla uwanjani bila mtu. Mpe muda wa kupanga. Mkielewana, muandikiane. Maneno ya mdomo yanasahaulika hata na watu wema."

"Na akikataa?"

"Shuleni kwenu kuna mwakilishi wa chama. Utaenda naye mara ya pili. Lakini anza na mazungumzo."

"Na shuleni kwenu mkataba ni kama huu?"

"Hapana. Kwetu kila mwalimu ana klabu moja, na imeandikwa kuwa ni kazi. Nikiikataa mimi, nina makosa. Ndiyo maana kila siku nasema, mtu asome mkataba wake, asisome wa jirani."

Asubuhi, wakati wa mapumziko, Mwalimu alibisha hodi ofisi ya Mwalimu Mkuu. Alikuwa ameshika karatasi mbili.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Karibu. Kiti hicho kimevunjika mguu, kaa hiki."

"Nina ombi, na nina karatasi."

Mwalimu Mkuu aliivua miwani. "Usiniambie unaacha kazi."

"Hapana. Nataka niendelee nayo."

Alimpa karatasi ya kwanza. Mwalimu Mkuu alirudisha miwani, akasoma kutoka juu hadi chini. Akarudia.

"Hizi zote ni zako wewe?"

"Zote. Ni saa nane kila wiki, nje ya saa za kazi."

"Lakini... mbona umekuwa ukizifanya tu? Hukulalamika hata siku moja."

"Ndiyo. Sikulalamika."

Mwalimu Mkuu alijiegemeza nyuma. "Mwalimu, unajua shule hii haina watu. Na kazi yetu hii inataka moyo. Mwalimu wa kweli anajitolea."

Hapa ndipo siku zote Mwalimu Sauti alipokuwa akisema sawa na kuondoka. Akapiga moyo konde.

"Moyo ninao, Mwalimu Mkuu. Lakini mama yangu naye ana mkono."

Akamweleza habari za kiharusi, za kituo, za benchi, za vidole vilivyoanza kujikunja. Alimweleza kwamba jana Mama alibaki akihesabu vigae. Alipomaliza, Mwalimu Mkuu aliiweka karatasi mezani. Nje watoto walikuwa wakiruka kamba.

"Miezi mitano," Mwalimu Mkuu alisema. "Miezi mitano, na mimi nakusalimia kila asubuhi. Mbona hukuniambia?"

"Wewe hukuuliza, na mimi sikusema. Kosa tugawane."

Mwalimu Mkuu alitabasamu kidogo. Alichukua karatasi ya pili, nakala ya ukurasa wa nne wa mkataba, akaisoma. Akajikuna kichwa.

"Nimepitisha mikataba hii mingi. Nimekuwa naandika majina kwenye ratiba kama mtu anayepanga viti." Alichukua ratiba na kalamu. "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa uende kwa mama yako, kuanzia kesho. Hizo siku tatu hakuna atakayezigusa. Riadha nipe wiki mbili nitafute mtu. Unaweza?"

"Alhamisi mbili naweza."

"Na kwaya?"

Mwalimu alishangaa kujisikia akijibu upesi. "Kwaya naitaka. Naomba nibaki nayo."

"Unaitaka?"

"Ndiyo. Hiyo ndiyo niliyoianza kwa kupenda."

Yote waliyokubaliana yaliandikwa kwenye karatasi, wote wawili wakatia sahihi. Mwalimu alipotoka ofisini, kifua kilikuwa chepesi. Alisimama nyuma ya darasa la kwanza mahali pasipo na mtu, akavuta pumzi ndefu, akaiachia.

Jumatano iliyofuata walimu walimwona Mwalimu Mkuu mwenyewe bustanini. Alikunja suruali, akashika mpira wa maji. Mpira ulichomoka tena kwenye bomba. Siku ya pili yake fundi bomba aliitwa.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi, Mwalimu Sauti alikuwa mkutanoni, na Fundi alikuwa kituoni na Mama. Mwalimu Mkuu aligawa fomu. Ilikuwa na nafasi ya jina, shughuli, siku, saa ya kuanza na kumaliza, na tarehe ya mwisho. Chini kabisa palikuwa na kisanduku kilichoandikwa: *Muhula huu sitashiriki.*

Mwalimu mmoja kijana aliinua mkono. "Mkuu, nikitia alama hapo chini, sitaonekana vibaya?"

"Utaonekana umesoma fomu," Mwalimu Mkuu alijibu. Wote wakacheka.

Walikaa wakapanga upya. Bustani iliingizwa kwenye kipindi cha sayansi, ndani ya saa za kazi. Klabu ya kusoma ikawa kipindi cha mwisho cha Jumatatu. Usafi ukaanza dakika kumi na tano kabla ya kengele. Riadha ilichukuliwa na walimu wawili wa kupokezana, mmoja wao ni yule mama wa mtoto aliyesimama dede. Kumbe alikuwa akiitamani siku zote, ila aliogopa kumnyang'anya mwenzake.

Si kila kitu kilipata mwenyewe. Klabu ya maigizo, ambayo mwalimu wake alitia alama kwenye kisanduku, ilikosa mtu, ikasimama kwa muhula ule. Wazazi wachache walinung'unika. Mwalimu Mkuu aliwaita, akawaeleza saa za kazi za walimu ni zipi. Baadhi walielewa. Mmoja aliondoka amenuna.

Kwenye fomu yake, Mwalimu Sauti aliandika: *Kwaya. Jumanne. Saa tisa na nusu hadi saa kumi na nusu. Mpaka mwisho wa muhula.* Akatia sahihi polepole, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni.

Kwaya yenyewe ilibadilika. Zamani alifundisha huku jicho moja likiwa kwenye saa. Sasa aliimba na watoto kwa sauti yake yote, na mlinzi wa getini alisikika akiitikia.

Na Mama? Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi kamili, Mwalimu alikuwa amekaa kando yake kituoni. Alijifunza kumnyoosha vidole kimoja kimoja, kumzungushia kifundo cha mkono, kumsimamisha bila kumvuta. Jioni alimfanyisha nyumbani, na Fundi akashika zamu yake. Mama alilalamika kwamba Fundi anamnyoosha kama nondo. Lakini vidole vilianza kutii. Wiki ya tatu vilifunguka nusu. Wiki ya saba Mama alishika kijiko. Wiki ya tisa alimfinya binti yake mkononi, ikauma, na binti akapiga kelele za furaha hadi kituo kizima kikageuka.

Miezi mitatu ilipotimia, mtaalamu aliandika kwenye faili, akainua kichwa akicheka.

"Mama, nimekuchoka. Kuanzia wiki ijayo njoo siku mbili tu, Jumatano na Ijumaa. Jumatatu pumzika."

Habari ilifika shuleni. Mwalimu Mkuu alikutana na Mwalimu Sauti mlangoni mwa ofisi ya walimu.

"Nimefurahi sana kusikia Mama anaendelea vizuri. Kwa hiyo Jumatatu sasa uko huru? Nauliza tu, silazimishi."

"Jumatatu nina shughuli, Mwalimu Mkuu."

"Shughuli gani?"

"Kulala."

Mwalimu Mkuu alicheka hadi akashika ukuta. "Nimeelewa. Siandiki jina popote."

Jumatatu ikafika. Kengele ililia saa tisa na nusu, na saa kumi Mwalimu alikuwa nyumbani, jua bado liko juu. Hakukumbuka mara ya mwisho kuiona nyumba yake katika mwanga ule. Alivua viatu, akajitupa kitandani na nguo zake za kazi. Kabla hajamaliza kusema, "Mama, nitaamka sasa hivi," usingizi ulikuwa umemchukua.

Nje, watoto wa majirani walikuwa wakipiga kelele za mpira. Mama aliinuka kutoka kwenye kiti chake, akatembea hatua kwa hatua hadi chumbani. Alimtazama binti yake kwa muda. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akakishika kitasa, na kuufunga mlango taratibu, bila kutoa sauti.